Land Rover 109 ya marehemu baba: tuipige rangi ya mng'ao gani?

Msomaji wetu wa Ujiji anauliza: "Shikamoo fundi. Baba alituachia Land Rover 109 Series III ya mwaka 1975, ile ndefu ya milango mitano. Imekaa chini ya mwembe miaka mingi. Sasa injini imewaka na breki zimetengenezwa, tumebaki na bodi. Fundi wa hapa Mwanga anashauri tuipige kijani ya metaliki na klia juu, ile vanishi isiyo na rangi, ing'ae kama gari la mwaka huu. Kaka yangu anataka rangi isiyong'aa kabisa, kama ya magari ya jeshi. Mimi naikumbuka kijani ya baba, iliyokuwa na mng'ao wa kiasi. Gari litafanya kazi, shamba letu liko Uvinza, na ndugu wameshaanza kuliombea maharusi. Nichague lipi?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Jibu nalitanguliza. Piga 2K ya moja kwa moja, yaani rangi inayochanganywa na hadina (dawa ya kuifunga na kuifanya ngumu), ile ambayo rangi yenyewe ndiyo yenye mng'ao na haihitaji klia juu yake. Iwe rangi tupu, bila chembe za metaliki, na iwe kijani ileile ya mzee. Paa na ringi zipige krimu kama ndivyo zilivyokuwa. Chesisi na sehemu za chini zipate weusi wa nusu mng'ao. Na kama hapo Kigoma hutampata fundi mwenye vifaa vya kujikinga na 2K, tumia rangi ya mafuta ya magari bila kuona haya, nitakueleza kwa nini.

Mwenye gari akiniletea swali kama lako, mimi humuuliza kwanza: siku gari litakapokwaruzwa, nani atalitengeneza, na wapi? Gari linalokwenda Uvinza litakwaruzwa. Kuna matawi ya njiani, kuna kokoto zinazorushwa na lori la mbele, kuna bodaboda itakayokuegemea sokoni. Kwa hiyo umaliziaji wa rangi unaochagua leo unachagua pia aina ya fundi utakayemhitaji kila mwaka kuanzia sasa. Huyo fundi awe anapatikana palepale ulipo, kwa vifaa alivyo navyo.

Tuanze na metaliki ya fundi wako. Simlaumu, ndiyo kazi anayoletewa kila siku, na kwa Noah au Rav4 yuko sahihi. Lakini ndani ya rangi ya metaliki mna chembe za aluminiamu, bapa kama magamba ya dagaa, na jinsi zinavyolala ndivyo rangi inavyoonekana. Ukipuliza kwa upepo mwingi rangi ikafika nusu kavu, inaonekana nyepesi. Ukipuliza ya majimaji, chembe zinazama na rangi inakuwa nzito. Rangi ni ya kopo moja, fundi ni mmoja, ila milango miwili inatofautiana kwa sababu siku ya pili kompresa ilikuwa na presha ndogo. Mlango ukikwaruzwa, huwezi kugusia pale palipokwaruzwa tu. Inabidi rangi ipulizwe ikififia taratibu hadi paneli ya jirani, kisha klia ipigwe paneli nzima. Kazi hiyo ukiikosea inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Halafu kuna klia yenyewe. Kwenye mfumo wa rangi na klia, rangi ya chini ni nyembamba na haina nguvu, klia ndiyo inayobeba jua, mvua na msuguano wote. Klia ikiwa nyembamba, au ikibaniwa hadina ili itoshe, jua linaifikia pale inaposhikana na rangi na kuanza kuiachanisha. Bila shaka umeona boneti na mapaa ya gari ndogo yaliyotoka mabaka meupe yanayobanduka kwa kucha. Hapo polishi haisaidii. Ni kukwangua na kuanza upya.

Sababu ya tatu ni umbo la gari lenu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimeisha karibuni, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, paneli bapa zilizofungwa kwa bolti na ripiti. Hata kijani ya zile za mwanzo inasimuliwa kwamba ilitokana na rangi za ndege zilizobaki vitani. Bodi ya namna hiyo haikutoka kiwandani ikiwa imenyooka kama ya gari dogo, na ya kwenu imeshafanya kazi kwa miaka. Ukiipiga mng'ao mzito wa klia, kila bonde na kila alama ya nyundo itajitokeza. Fundi atajaribu kuficha kwa puti. Puti nene juu ya aluminiamu inayotikiswa na njia ya shamba haikai. Itapasuka, maji yataingia, na vipande vitaanza kudondoka. Mimi napenda kuona ripiti na mikunjo ya kawaida ya bodi hii. Acha mnyoosha bodi aondoe mabonde makubwa kwa nyundo na kibao, puti iwe ya kusawazisha tu, unene usizidi milimita 2 au 3.

Kaka yako naye mwambie hivi. Rangi isiyong'aa inapatikana kwa kutiwa unga laini wa silika, ambao rangi ikikauka unafanya uso uwe na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukipiga hapo unatawanyika, ndiyo maana haung'ai. Vinundu hivyohivyo vinashika vumbi, mafuta ya mikono na utomvu wa mwembe, na kitambaa hakivifikii. Ukiisugua kwa bidii inaanza kung'aa mabaka, hasa kwenye vitasa na juu ya madigadi ambako watu huegemea, na mabaka hayo hayarudi tena kuwa kama mwanzo. Mkwaruzo hauondolewi kwa polishi, maana polishi inaua ule ufifi wenyewe, hivyo inabidi paneli nzima ipigwe upya. Jeshi wana sababu yao, hawataki gari limetamete juani, na wana karakana zao za kupiga rangi kila inapohitajika. Ninyi mna fundi wa Mwanga na bajeti ya familia. Zaidi ya hayo, gari la raia halina haja ya kufanana na la jeshi barabarani.

Sasa 2K ya moja kwa moja. Tabaka zake 2 au 3 zikikauka zinakuwa na unene wa kama maikroni 50 hadi 70, maikroni 1 ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Unene wote huo ni rangi. Ukikwaruza nusu yake, chini bado ni kijani, na mkwaruzo ambao haujafika kwenye undakoti, tabaka lililo chini ya rangi, unaondoka kwa msasa wa maji namba 2000 na polishi ya mkono. Ikifika miaka na jua likaifubaza, polishi inaifufua kwa sababu unaondoa ngozi iliyochoka na kufikia rangi nzima iliyo chini yake. Paneli ikiharibika kabisa, Land Rover inafunguka: unafungua bolti za digadi, unaipiga rangi pembeni kivulini, unairudisha, na kijani tupu italingana na jirani yake hata kama imepulizwa na mkono mwingine. Pia haidhuriki na dizeli wala petroli ikishakauka vizuri, na kwenye gari lenye mdomo wa tanki ubavuni hilo ni jambo kubwa. Kila anayejaza kwa dumu humwaga kidogo.

Wazee wa gereji wanaweza kukuambia utafute duko ya zamani, na mapenzi yao nayaelewa. Duko iligeuza kazi hii tangu General Motors walipoitumia kwenye Oakland za mwaka 1924. Gari lililokuwa likisubiri wiki kadhaa rangi ikauke likawa linakauka kwa saa. Mng'ao wake ni laini, unapendeza kwenye gari la zamani. Ila inakauka kwa thina kuruka tu, haina hadina ya kuifunga, kwa hiyo inabaki inayeyuka daima ikiguswa na thina au petroli. Inahitaji tabaka nyingi na jua letu linaichosha mapema. Kwa Kigoma kuna tatizo zaidi: thina ikiruka haraka inapoza uso wa bodi, na hewa yenu ya ziwani ikiwa na unyevu mwingi inatona juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe. Hapa Tabora wakati wa kiangazi tunaikwepa hali hiyo. Huko kwenu, mvua zikianza, usijaribu.

Rangi ya mafuta ni mpole zaidi. Haina sumu ile ya hadina nitakayoieleza, bei yake ni ndogo, na ukiwa na brashi nzuri na subira unaweza kuipaka Land Rover ikapendeza, maana paneli zake bapa zinakubali. Inakauka kwa kuvuta hewa, taratibu, kwa hiyo inadaka vumbi na wadudu, na inachukua wiki kadhaa kukomaa. Kosa linalowaponza wengi ni tabaka la pili kupigwa wakati la kwanza limekauka juu na bado bichi chini. Linakunjamana lote. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo: ama urudie ndani ya saa chache, ama usubiri siku zote zinazotajwa.

Kabla ya kununua chochote, itafute kijani ya mzee. Gari lako la milango mitano huenda bado lina paa la pili la kuzuia jua, bati lililoinuliwa kidogo juu ya paa lenyewe. Fungua bolti zake uchungulie katikati. Rangi iliyojificha hapo haijaonana na jua tangu gari likiwa jipya. Kama paa la pili halipo, angalia nyuma ya kibao cha namba, chini ya mipira ya milango na ndani ya boksi la viti. Kisha fanya hivi: chagua sehemu isiyoonekana, chukua msasa namba 800 na maji, sugua duara dogo la upana wa shilingi, taratibu, hadi uone aluminiamu katikati. Rangi zote ambazo gari hili limewahi kupakwa zitajipanga kama miduara, moja nje ya nyingine. Ule ulio karibu zaidi na aluminiamu, baada ya praima, ndio rangi ya kiwandani. Inawezekana ukute kijani unayoikumbuka ni ya pili au ya tatu, na chini yake kuna bluu au kijivu. Zile Land Rover zilikuja kwa rangi chache: Bronze Green iliyokolea, Pastel Green nyepesi, Marine Blue, Mid Grey, Sand, Limestone ya krimu. Ikiwa hivyo, fuata ya baba yako. Gari hili ni ukumbusho wake, halipelekwi kwenye mashindano ya uhalisi.

Ukishaipata, ipige polishi kipande hicho kabla ya kuipeleka dukani kufananishwa, kwa sababu uso uliofubaa utakupa rangi nyepesi isiyo ya kweli. Ifananishe nje mchana, usikubali kufananisha chini ya taa ya dukani. Na uangalie kadi ya gari imeandikwa rangi gani. Kama utaibadilisha, taarifa hiyo lazima ifike TRA, na mkiwa bado hamjahamisha umiliki kutoka kwa marehemu, malizeni yote pamoja.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo fundi asilipuuze. Loweka kitambaa cheupe kwa thina ya duko, kiweke juu ya rangi ya zamani kwa dakika chache, kisha angalia. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, chini kuna duko. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipoguswa, huenda ni 2K iliyokomaa. Ikiwa ni ya mafuta, usipige 2K juu yake, thina yake itaiinua yote. Iondoe hadi bodi.

Na hapa kwenye kuondoa rangi nina onyo linalohusu Kigoma hasa. Huko kwenu sabuni ya mawese inapikwa karibu kila mtaa, na kostiki soda haikosekani. Kuna watu wanaitumia kuvua rangi kwenye mageti, inafanya kazi vizuri kwenye chuma. Usiiruhusu ifike kwenye gari hili. Kostiki inakula aluminiamu, utaona inatoa mapovu, na mapovu hayo ni hidrojeni inayotoka wakati bodi yako inaliwa. Tumia dawa ya kuvulia rangi iliyoandikwa kwamba inafaa aluminiamu, au msasa na mkono. Brashi ya waya wa chuma nayo iweke mbali, inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya aluminiamu, na baadaye vinafanya vidonda chini ya rangi.

Aluminiamu haipati kutu nyekundu, ila ina ugonjwa wake, ule unga mweupe unaotokea chini ya rangi na kuiinua malengelenge. Utauona zaidi pale bodi inapokutana na chuma: pembezoni mwa milango, kwenye bolti, kwenye ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, ambao ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana na maji yakiwepo, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo fungua paneli, usafishe pande zote mbili, uzipige praima zote mbili kabla ya kuzifunga tena, na uweke kizibo laini katikati. Bodi iliyopigwa rangi ikiwa imefungwa hivyo hivyo itaonekana nzuri siku ya kukabidhiwa, na malengelenge yatarudi kwenye maungio yaleyale.

Kwa praima, una njia mbili, chagua moja. Ya kwanza ni praima ya asidi, ile nyembamba inayong'ata aluminiamu, halafu undakoti ya 2K juu. Ya pili ni praima ya epoksi moja kwa moja juu ya aluminiamu iliyosuguliwa vizuri na kusafishwa siku hiyohiyo. Usizichanganye, na usipige puti juu ya praima ya asidi, asidi inazuia puti isikauke sawasawa na haitashika. Mikanda ya kingo za bodi iliyochovywa zinki iache na kijivu chake, ndivyo ilivyokuja. Mtu akiipaka rangi ya mafuta, zinki na mafuta hayo vinageuka sabuni taratibu na rangi inabanduka kama ngozi.

Chesisi ina neno lake. Inaoza kuanzia ndani, na hakuna rangi ya nje itakayoizuia. Ninyi watu wa Kigoma mna mfano bandarini. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 ilitengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Puliza nta ya kuzuia kutu au grisi laini ndani ya chesisi kupitia matundu yake, ila baada ya kazi ya rangi kwisha. Ukiipuliza kabla, itavuja na kuchafua kila kitu.

Maana uchafu wa mafuta ndio adui mkubwa wa mng'ao. Gari lililowahi kubeba madumu ya mawese na viroba vya dagaa lina mafuta kila mahali kuanzia mlango wa nyuma, hata pasipoonekana. Fundi akianza na msasa kabla ya kuosha, anayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Siku ya rangi utaona inafunguka vishimo vidogo vya duara, kana kwamba bodi inaikataa. Utaratibu ni maji ya moto na sabuni kwanza, kisha dawa ya kuondoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine safi cha kukausha, ndipo msasa ufuate, na baada ya msasa dawa hiyo irudiwe. Mikono mitupu isiguse tena.

Pigeni rangi wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Subirini umande uondoke, muanze kama saa mbili na nusu asubuhi na mmalize kabla ya saa tano, kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza kuinua vumbi. Bodi iwe kivulini, chini ya turubai au banda, mbali na mwembe. Aluminiamu iliyokaa juani inakausha rangi kabla haijajilaza, nayo inabaki na uso wa vinundu kama ganda la chungwa. Thina iwe ya taratibu, inayofaa joto. Mwageni maji ardhini kutuliza vumbi. Kompresa ifunguliwe maji yake kabla ya kuanza na iwe na chujio la maji kwenye mpira, kwa sababu kwa hewa ya ziwani tangi linajaa maji haraka. Kwa gari la ukubwa huo, nunua lita 4 hadi 5 za rangi isiyochanganywa, zote siku moja, na uzikoroge ziwe kitu kimoja. Hadina na thina ziwe za kampuni ileile ya rangi, na vipimo vifuatwe kama kopo linavyosema. Jicho la fundi lisitumike hapa.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu afya. Hadina ya 2K ina isosaineti, na mvuke na chembe zake zinaingia mapafuni. Mtu huanza na kikohozi cha usiku na kifua kubana, na mwili wake ukishaikataa sumu hiyo, kiasi kidogo sana kinaweza kumletea pumu siku yoyote maishani. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali na eneo la kazi, pamoja na glavu, miwani na nguo za kufunika mwili. Mafundi wengi wanakunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, mapafu hayayaoni. Muulize fundi wako ana barakoa ya aina gani, na kama hana, msaidie kuipata au mhamie rangi ya mafuta. Usikubali kazi ya 2K ifanyike uani kwenye watoto na majirani, hata kama bei yake ni ndogo. Mng'ao wa gari haulingani na pafu la mtu.

Mpaka hapo kaka yako huenda bado hajaridhika, wala fundi. Tafuta mifuniko mitatu ya masufuria ya zamani, ni ya aluminiamu na ina mzunguko kama wa digadi. Mwambie fundi aiandae kama atakavyoandaa bodi, praima hadi rangi, mmoja aupige metaliki na klia, mmoja usiong'aa, mmoja 2K ya moja kwa moja. Itundikeni nje wiki mbili. Kisha chukueni wembe, mkate mistari ya kupishana kwenye kila mmoja, mbandike gundi ya karatasi (ule utepe wa kunata) na kuivuta kwa ghafla, muone rangi gani inang'oka. Isugueni kwa kitambaa chenye vumbi. Ikwaruzeni kwa msumari, halafu mwambie fundi aitengeneze mikwaruzo hiyo mbele yenu kwa vifaa vyake. Familia iamue ikiwa imeishika mkononi.

Gari likishapigwa, kaa mwezi mzima bila kupaka nta yoyote, rangi iendelee kutoa thina iliyobaki. Osha kwa maji mengi na sabuni laini ya maji. Sabuni ya unga inakwaruza na kufubaza. Kinyesi cha ndege na utomvu uondolewe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholowa, bila kusugua pakavu. Baki na nusu lita ya rangi ambayo haijachanganywa na hadina, kopo lijae karibu na mfuniko ili hewa isibaki ndani, lifungwe kwa gundi ya karatasi na kuwekwa kivulini pamoja na karatasi ya fomula kutoka dukani. Hadina usiihifadhi, ikishafunguliwa inavuta unyevu na kuharibika. Siku ya kugusia mkwaruzo nunua mpya, ya kampuni ileile.